Chumba cha magharibi: shajara ya pazia moja

Siku ya 1

Saa kumi na nusu jioni niliingia chumbani kwa binti yangu kutafuta chaja. Nilitoka bila chaja. Joto la mle ndani lilinipokea mlangoni, likanirudisha. Kipimajoto kidogo kilichopo kwenye rafu yake ya vitabu kilisoma nyuzi 34.5. Nikakibeba sebuleni, nikakipa robo saa kitulie: nyuzi 30. Nikakipeleka nje kivulini: nyuzi 32. Kwa maneno mengine, mtoto angepata nafuu akienda kusomea chini ya mti kuliko kukaa chumbani mwake.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba pazia lilikuwa limefungwa. Pazia lenyewe ni zito, zambarau iliyokolea, na nililichagua mimi mwenyewe msimu uliopita kwa hoja moja tu: likiwa zito, joto halitapita. Nimeligusa kwa kiganja upande wa ndani. Lilikuwa la moto kama shati lililotoka kwenye pasi sasa hivi.

Basi nimeanza mradi. Nitaandika kila hatua humu, na makosa pia, kwa kuwa najijua.

Vipimo vya dirisha: upana sm 150, urefu sm 120, kioo kimoja cheupe cha kawaida, linatazama magharibi. Hilo la magharibi ndilo balaa. Jua la saa sita liko juu, paa linalizuia. Jua la saa kumi limeinama, linaingia chini ya paa na kukuangalia usoni.

Usiku nimepiga hesabu kwenye bahasha. Jua kali, anga ikiwa safi, huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba iliyolielekea. Jioni hupungua kwa sababu miale inakata tabaka refu zaidi la hewa. Tuseme limebaki nusu. Dirisha hili lina mita za mraba 1.8, kwa hiyo ni kama wati 900. Hiyo ni pasi ya umeme, imewashwa na kuachwa chumbani kila siku kuanzia saa tisa hadi jua lizame.

Siku ya 2

Leo sikugusa pazia. Nilikaa chumbani kuanzia saa tisa nikiangalia joto linavyoingia, binti akinishangaa.

Jambo la kwanza: kioo chenyewe hakikuwa cha moto sana. Vuguvugu tu. Pazia lilikuwa la moto kuliko kioo. Ukifikiria, ni sawa. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila shida, unakutana na zambarau, na rangi iliyokolea kazi yake ni kuumeza mwanga. Ukishamezwa unakuwa joto, na joto la kitu kilichopata moto hutoka kwa miale ya aina nyingine, ambayo kioo hakiipitishi. Limeingia likiwa mwanga, haliwezi kutoka likiwa joto. Kumbe pazia langu lilikuwa hita yenye marinda.

Kwa hiyo pazia lina nafasi moja tu ya kufanya kazi yake: kuurudisha mwanga ungali mwanga, dakika ile ile unapoligonga, utoke kwa kioo kile kile ulichoingilia. Uzito hausaidii hapo. Kinachosaidia ni rangi ya mgongo wake, ule upande unaotazama kioo, ambao mtu aliye chumbani hauoni kabisa.

Jambo la pili nililiona kwa kipande cha karatasi ya chooni. Nilikata kijipande chembamba kama utambi, nikakishika juu ya bomba la pazia, pale kwenye uwazi kati ya bomba na dari. Kikasimama wima, kikapepea kuelekea juu. Nikakishusha sakafuni kwenye upindo: kikavutwa kuingia nyuma ya pazia. Hewa ya chumba inaingia chini, inapashwa moto katikati ya pazia na kioo, inatokea juu na kumwagika darini. Nilikuwa nimejenga bomba la moshi bila kujua. Binti amenyang'anya karatasi akajaribu mwenyewe mara tano au sita, na mara ya mwisho akasema, "Baba, pazia linapumua."

Siku ya 3

Jaribio la bure kabla ya kununua chochote. Nimechukua shuka jeupe, nikalibana kwa vibanio vya nguo nyuma ya pazia, upande wa kioo. Saa kumi na nusu: chumbani 33, nje 32. Jana nje ilikuwa 32 vilevile, na chumbani 34.5 tena. Nyuzi moja na nusu kwa shuka la kitanda!

Sikushangilia sana, kwa sababu siku mbili hazitoshi kuthibitisha kitu. Ila mkono hausemi uongo: pazia halikuwa la moto kama jana. Kilichobaki ni kwamba shuka linapitisha mwanga mwingi. Nikiwasha tochi ya simu nyuma yake naiona kama mwezi uliojaa. Mwanga unaopenya unaenda kumezwa na zambarau kama kawaida.

Siku ya 4

Mawingu. Hakuna cha kupima.

Siku ya 5

Nimetumia jioni kusoma. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kwamba kwenye dirisha la kawaida la vioo viwili, kiasi cha asilimia 76 ya mwanga wa jua unaoligonga huingia ndani na kuwa joto. Kioo kimoja kama chetu hupitisha zaidi. Inasema pia kwamba mapazia ya rangi ya wastani yenye mgongo wa plastiki nyeupe yanaweza kupunguza joto hilo kwa asilimia 33. Halafu ikaja takwimu iliyoniharibia furaha: kivuli cha turubai kilichofungwa nje, juu ya dirisha la magharibi, kinaweza kulipunguza kwa hadi asilimia 77.

Nikamsomea mke wangu. Akaniangalia. "Sasa si ufunge hiyo turubai? Mapazia ya nini?"

Ana haki. Jua lililozuiwa nje ya kioo halijaingia nyumbani, na hakuna pazia la ndani litakaloshindana na hilo. Lakini sisi ni wapangaji, na mwenye nyumba hataki kitu chochote kifungwe kwenye ukuta wa nje. Nilimwomba, akakataa kwa upole, na hapo tumefika mwisho wa barabara. Mwenye nyumba yake mwenyewe asipoteze muda na shajara hii mpaka awe ameshafikiria kivuli cha nje, au mti.

Jirani alipendekeza nibandike karatasi ya aluminiamu kwenye kioo. Inarudisha mwanga vizuri kuliko kitambaa chochote, hilo silikatai. Ila chumba kinakuwa stoo, na kioo kinaweza kupasuka: kikipata joto sehemu moja huku kingo zake zilizofichwa kwenye fremu zikiwa baridi, kinajivuta visivyo sawa. Si kila kioo hupasuka, lakini cha mwenye nyumba sikifanyii majaribio.

Siku ya 7

Dukani. Niliingia na silaha mbili, tochi ya simu na kiganja.

Muuzaji alikuwa mchangamfu na alijua bidhaa zake, isipokuwa alikuwa na dini moja tu, unene. "Kaka, shika hiki. Hiki joto halipiti hata kidogo." Kilikuwa kitambaa cha manyoya mafupi, cheusi, kizito kama blanketi. Nikamwambia mimi nina ndugu yake nyumbani na ndiye aliyenileta pale.

Niliyoyaona katika saa moja ya kupapasa vitambaa:

Kitani kinapendeza, kinaanguka vizuri, na hewa inapita. Lakini kimefumwa kwa uwazi, na tochi inaonekana nyuma yake kama kichujio cha chai. Kwa dirisha la magharibi hakifai kikiwa peke yake. Hariri nimeiweka chini nilipoigusa tu. Jua hula hariri, na misimu michache inatosha kuifanya ichanike kwenye mikunjo. Pamba ni ya kutegemewa ila hupauka, na hunywea ikifuliwa, kwa hiyo lazima ifuliwe kabla ya kukatwa. Poliesta haina joto la moyo kama pamba, lakini inavumilia jua kuliko hizo zote. Mambo ya dirisha la magharibi yanataka mvumilivu.

Nikafika kwenye vile vitambaa vya kuzuia mwanga kabisa. Bora kati yao vimepakwa tabaka tatu za povu upande wa nyuma: nyeupe, nyeusi, kisha nyeupe tena. Nyeusi ya katikati ndiyo inayoziba mwanga, na nyeupe ya nje ndiyo inayourudisha. Niliweka tochi nyuma ya kipande kimoja, sikuona hata chembe. Kingine, cha bei ya chini, kilikuwa na mgongo wa kijivu, na tochi ikaonekana kama nukta. Vilikuwa rafu moja, vikiitwa jina moja. Jina halisemi kitu, geuza kitambaa uangalie mgongo.

Hapo wazo likanijia, na nakiri lilichelewa. Ikiwa mgongo ndio unaofanya kazi na uso wa ndani ni pambo tu, sihitaji pazia jipya. Nahitaji bitana, kitambaa cha kushonea nyuma ya lile nililonalo. Zambarau ya binti, anayoipenda kuliko anavyonipenda mimi, inabaki. Nimenunua bitana nyeupe ya povu ya kutosha dirisha moja, na muuzaji akanisindikiza kwa jicho la huruma.

Siku ya 8

Vipimo. Bomba la pazia linapita dirisha kwa sm 10 tu kila upande. Nimelibadilisha na refu zaidi, sasa linapita sm 25 kila upande, kwa sababu mbili. Kwanza, jua la pembeni lisipate upenyo. Pili, pazia likifunguliwa lote likae juu ya ukuta na kuacha kioo kizima wazi. Hii sababu ya pili niliiandika kama nyongeza, na baadaye ndiyo iliyookoa usiku wetu.

Upana wa kitambaa: mara mbili ya urefu wa bomba, ili marinda yabaki hata pazia likifungwa. Pazia lililonyooshwa kama turubai linaacha pengo pembeni na katikati. Urefu: lishuke mpaka sm 1 juu ya sakafu.

Kosa la siku: kabla ya kupeleka kwa fundi nilitaka kuona bitana ikikaaje, nikaibana kwenye pazia kwa pini. Pini kama sitini hivi. Nikazitoa. Weka alama hapo.

Siku ya 11

Kwa fundi. Nilimwomba ashonee bitana juu tu, chini aiache ining'inie yenyewe, fupi kuliko pazia kwa sm 2 ili isichungulie. Hakupenda.

"Kaka, ukiniachia hivyo itapepea. Nikushonee pande zote, iwe kitu kimoja."

Nikamweleza kwamba vitambaa viwili havinywei sawa vikifuliwa, na kwamba nataka kitabaka cha hewa kati yao. Tukakubaliana: ishonwe juu na pembeni kwa vishikizo vichache, chini iwe huru. Akaishika bitana, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha la duka lake, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza nani aliyeitoboa.

Kitambaa cha kawaida ukikichoma pini, nyuzi hurudi mahali pake. Povu halirudi. Kila tundu la pini linabaki tundu milele. Fundi mwenyewe hutumia vibanio vya plastiki na sindano mpya nyembamba, na hafumui mshono akishaushona. Alinieleza hayo taratibu, kama anavyoelezwa mtoto.

Siku ya 13

Pazia limepanda. Kazi ya kushona ni safi, mshono umenyooka kama rula.

Halafu nikashughulikia lile bomba la moshi. Nimelaza ubao mwembamba juu ya mikono ya bomba, sm 200 kwa sm 12, ukigusa ukuta kwa nyuma, kisha nikaufunika kwa kipande cha kitambaa ili usionekane kama rafu iliyosahauliwa. Pembeni nimerudisha ncha za pazia mpaka ukutani na kuzishika kwa velkro. Karatasi ya chooni imerudi kazini: juu ya ubao, haitikisiki. Chini, inavutwa kidogo tu.

Ubao huu haukunigharimu chochote, ulikuwa stoo, na nashawishika kusema umefanya kazi kubwa karibu sawa na bitana yenyewe. Siwezi kuthibitisha, maana nimeviweka vyote siku moja kwa pupa. Mtu mwenye subira angeweka kimoja, akapima wiki, ndipo akaongeza cha pili.

Siku ya 14

Nje 33. Chumbani, saa kumi na nusu, 32. Kwa mara ya kwanza chumba kiko chini ya nje. Pazia nikiligusa ni kama ukuta tu, halina habari.

Na dirisha zima limejaa nyota. Matundu sitini ya pini, kila moja limepenyezwa na jua, likatoka kwenye zambarau kama kinukta cheupe. Nilisikia aibu. Binti alijilaza kitandani akaanza kuzihesabu.

Siku ya 16

Nje 33 tena. Nilisahau kufunga pazia mpaka saa tisa na nusu, jua likiwa limeshakaa kitandani kwa muda. Saa kumi na nusu: 33.5. Pazia lile lile, ubao ule ule, tofauti ni saa ya kulifunga tu. Godoro, sakafu na meza vilikuwa vimeshakunywa jua, na pazia likafungwa nyuma ya mwizi aliyekwisha ingia. Kuanzia sasa nalifunga saa saba mchana, kabla jua halijageukia upande huu, hata kama wakati huo chumba kinaonekana hakina shida.

Siku ya 17, usiku

Tatizo ambalo sikulitarajia. Saa nne usiku, nje 26, chumbani 30.5. Mchana tumeshinda, usiku tunashindwa.

Kuta zinatoa lile joto zililolihifadhi, na pazia langu zuri, lililozibwa juu na pembeni, linalizuia lisitoke. Kitu kinachozuia joto hakijui liko upande gani. Nimefungua velkro, nikalivuta pazia lote mpaka likae juu ya ukuta, nikafungua dirisha lote na mlango wa chumba, pamoja na dirisha la upande wa pili wa nyumba. Ndani ya saa moja: 28. Lingekuwa lile bomba fupi la zamani, pazia lingebaki limelala kwenye robo ya kioo na kuziba upepo.

Ratiba sasa ni hii: saa saba mchana linafungwa na dirisha nalo linafungwa, maana hewa ya nje saa hizo ni ya moto kuliko ya ndani. Jua likizama tunasubiri mpaka kipimajoto cha nje kishuke chini ya cha ndani, ndipo tunafungua kila kitu. Kinachoamua ni kipimajoto, si saa. Juzi nje ilichelewa kupoa hadi saa mbili usiku, na tungefungua mapema tungeingiza joto kwa mikono yetu.

Siku ya 20

Sebule inatazama mashariki. Mke wangu akauliza kama nayo itawekewa silaha. Hapana. Jua la asubuhi linaigusa mpaka saa nne hivi, hewa bado ina ubaridi, na tunataka upepo na mwanga wa kusomea. Nimeweka kitani cheupe, chepesi, tabaka moja. Asubuhi kinafungwa, baada ya hapo kinafunguliwa. Basi.

Siku ya 23

Wiki nzima ya vipimo sasa, ukiacha ile siku niliyosahau na moja ya mawingu. Kabla ya mradi, chumba kilikuwa juu ya nje kwa nyuzi 2.5. Sasa kiko chini ya nje kwa nyuzi 1 hadi 1.5, saa ile ile ya kumi na nusu, kipimajoto kwenye rafu ile ile. Si baridi. Nyuzi 31.5 ni joto bado, na feni inafanya kazi. Ila mtoto anasomea mezani pake.

Nilinunua utepe mweupe wa kitambaa kwenda kuziba matundu ya pini. Nimeanza na kona ya juu kushoto, nikaziba kama arobaini hivi, kila moja kipande kidogo kama ukucha. Binti akaingia kutoka shule, akaona, akasimama mbele ya pazia. Yaliyobaki ni ya katikati, na anasema yale yana umbo la samaki, nisiyaguse. Nimehesabu: kumi na tisa. Jua la kupita kwenye matundu kumi na tisa ya pini halifiki hata joto la mshumaa. Utepe nimeurudisha stoo.